Kinu Chini ya Chesesi

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Nimeamua. Pikapu itainuliwa kabla ya Jumamosi! Jumamosi ni misa ya mwaka mmoja wa mke wangu Theodosia, kwao Mofu, na safari hii nitafika kwa gari langu. Siku ya kumzika pikapu ilikalia tumbo kwenye tope, tumeshapita Namawala. Jeneza likahamishiwa kwenye tela la trekta la kaka yake, Raimundi. Akasema shemeji usijali, kigari chako ni cha lami. Mbele ya waombolezaji! Theodosia akamalizia safari kwenye tela linalonuka mbolea. Sijasahau.

Springi ndefu zimefika. Nitazifunga mwenyewe, hapa uani.

Jumanne, 8 Aprili

Fundi Fulgensi kapita. Shikamoo, kisha mahubiri. Eti mzee, jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likae juu ya stendi za chuma, chini ya chesesi, yaani fremu yenyewe, ardhi iwe ngumu, matairi ya mbele yazuiwe kwa mawe. Nikauliza stendi zipo wapi. Akasema yeye anazijua nne tu, zote za Raimundi. Nikasema basi. Akacheka: mzee Kasmiri, utakufa na springi mpya.

Nitatafuta njia.

Jumatano, 9 Aprili

Njia ilikuwa jikoni! Kinu cha Theodosia. Mti wa mninga, kizito kuliko mimi. Kikipinduliwa kinafika chesesi kabisa. Mama yake alimpa alipoolewa. Jioni akitwanga kisamvu alikuwa akiimba sauti ya pili ya kwaya, peke yake, bila ya kwanza. Sikuwahi kuujua wimbo wenyewe. Sikuuliza.

Jumamosi ndugu watagawana vitu vyake, na kinu kitakwenda kwa mdogo wake, Bernadetha. Yaani kina siku tatu za kukaa bure. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi nzuri. Nimeinua upande wa kulia nyuma, nimetoa tairi, nimepindua kinu, nimeshusha jeki taratibu. Kinu kikalia kidogo, kikanyamaza. Nikaingia chini. Nati mbili zimetoka!

Ndipo jirani Margareta akapiga hodi. Anataka kuazima kinu atwange karanga, kama zamani. Nikatambaa kutoka ili nimdanganye nikiwa nimesimama. Nikasema kinu kimeshapelekwa Mofu. Alikuwa anakitazama.

Kabla hajajibu, pakalia kama kuni kavu. Kinu kimepasuka juu hadi chini. Pikapu ikashuka pale kilipokuwa kifua changu.

Margareta alikaa chini, mchangani. Baadaye akasema Theodosia hakuwahi kumnyima mtu kinu, na kama angekuwa mtu wa kunyima, leo yeye Margareta asingekuja, na mimi ningekuwa humo chini. Nimeokota vipande viwili. Ndani bado vinanuka kisamvu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefika Mofu kwenye tela la Raimundi. Fulgensi alimwambia pikapu imeanguka, akaja kunichukua bila kuulizwa. Vipande vya kinu nilivifunika khanga, pamoja na mchi wake. Hakusema chochote kuhusu kigari, na hilo liliniuma zaidi. Kwenye mashimo alikwenda polepole mno, akigeuka kutazama nyuma. Nikakumbuka kwamba mwaka jana pia alikwenda hivyohivyo. Mwaka mzima nimekumbuka mbolea tu.

Baada ya misa nikafunua khanga. Bernadetha alivitazama. Kisha akacheka mpaka akalia. Alisema dada alikuwa akiwaambia, mume wangu mwacheni, akishavunja atatulia. Vipande atavitumia kulishia kuku. Mchi akanirudishia: shemeji, huu kaa nao wewe, una viganja vyake. Kweli. Katikati pamelika, pamekuwa laini kama sabuni.

Nililia kwenye tela. Raimundi aliongeza moto wa injini ili nisisikike.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Nimetoka kanisani nikakuta stendi nne barazani. Raimundi kaziacha bila hata kupiga hodi. Shemeji mwema sana. Nimeziingiza chumbani nikazifunika khanga. Nikizitumia atalisimulia hilo mpaka siku ya kunizika mimi.

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa la kinu lilikuwa shimo. Kitu chenye shimo hakiwezi kubeba pikapu! Mchi hauna shimo. Ni mninga mtupu. Nikikata ncha zote mbili napata nguzo mbili, moja kulia, moja kushoto.

Nimeazima msumeno kwa Margareta. Kaniuliza wa nini, nimesema matawi.

Pale katikati, penye viganja vyake, sitapagusa.