Kioo cha Pili cha Nikaha ya Tima

Jumanne, 9 Novemba 1993

"Mwanamke hana haja ya kuiona nikaha. Ataletewa habari." Kayasema hayo Badi, katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Likoni, mbele ya watu, huku anakunywa kahawa. Ataletewa! Kama yuko Pemba! Nikaha ni ya nani, kwani? Bibi harusi yuko nyumba chache tu kutoka baraza ya msikiti. Wanaume wote wa mtaa wanatazama anavyoozwa, yeye anangoja mtu aje mbio kumwambia ameshakuwa mke wa mtu. Nilikuwa na hoja saba. Badi aliaga kwenye ya pili.

Bibi harusi ni Tima, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye walii, msimamizi wake wa ndoa. Ijumaa namwoza kwa Mbarak wa Kisauni. Tima ni mkunga hospitali ya Port Reitz, na nusu ya watoto wanaopiga kelele dirishani kwangu kawapokea yeye. Ana akili, tena hana maneno mengi. Hilo la pili hakulipata kwetu.

Nimeazimia: ataiona nikaha yake.

Jumatano, 10 Novemba

Ofisi yangu ya kuonyeshea nikaha imekamilika! Meza ya kupigia pasi ya mke wangu Mwanaima: inakunjwa, inabebwa kwapani. Juu yake kamera ya video, nimeazimwa na rafiki aliyerudi kutoka Maskati, pamoja na televisheni ndogo ya kunionyesha kama nakata watu vichwa. Chini, betri ya gari. Kisha waya mrefu, juu ya mapaa, hadi kioo cha pili: televisheni ya rangi ya jirani yetu Bi Dhahabu, ndani ya ukumbi wa wanawake. Picha na sauti! Niliimba barazani, nikasikika ukumbini. Bi Dhahabu akatuma salamu: picha nzuri sana, na tafadhali niache kuimba.

Mwanaima akauliza sasa atapigia wapi pasi. Nikamweleza maana ya maendeleo. Akasema shati langu la Ijumaa nalo nilieleze hivyohivyo.

Alhamisi, 11 Novemba

Badi kaja na sharti: kamera isigeuzwe kuelekea wanawake. Nikaapa. Akauliza tena, je, wanawake watasikia kila kitu? Nikamwambia kila watakachosema wanaume. Akakohoa, akaondoka. Hana hoja!

Jioni akaja Tima. "Ami, ile kazi yangu. Mmeizungumza na watu wa Kisauni?" Nikamwambia Mbarak alisema wakati wa posa kwamba yeye Tima ataendelea na kazi. Akasema basi iandikwe. Iandikwe! Baina ya waungwana! Nilikuwa naanza kumfafanulia ahadi ni nini, waya ukateleza juu ya paa. Nikapanda. Niliposhuka, keshakwenda.

Ijumaa, 12 Novemba

Wallahi, leo imekuwa leo.

Baada ya alasiri niliwasha mitambo mapema ipate moto, nikaenda kukaza waya. Nyuma yangu akaja Mwinyihaji, ami yake Mbarak, akaketi mkekani mbele ya kamera. Akamwinamia bwana harusi aliyeketi kando yake: "Akishafika Kisauni, mambo ya hospitali ndiyo basi. Usimwambie leo. Ngoja fungate iishe."

Ukumbi mzima ulimwona, meno yake kwa rangi. Bi Dhahabu akaongeza sauti.

Mimi sina habari. Nikachukua mashahidi wawili, nikaenda kumuuliza msichana ridhaa yake, kama ilivyo desturi. Kwa kawaida unauliza, msichana ananyamaza, ukimya ndiyo ridhaa, unarudi. Nikauliza: unaridhia nikuoze kwa Mbarak?

"Abee, ami. Bado."

Bado! Akaendelea nyuma ya pazia, taratibu, kama anamwambia mama mwenye uchungu asisukume kwanza. Akasema nikamwambie Mzee Mwinyihaji kwamba yeye Tima amemwona na amemsikia kwenye kioo. Kazi yake iandikwe kwenye nikaha. Na Mbarak aseme mwenyewe mbele ya kamera, yeye Tima amtazame usoni. Hapo ataridhia.

Nilirudi nimesimama wima kama bendera. Binti wa kaka yangu huyo! Mwinyihaji akaapa hajasema neno, nani huyo mwongo aliyepeleka maneno? Nikamwonyesha taa nyekundu ya kamera. Akajisogeza kidogokidogo mpaka akatoka nje ya picha. Kicheko cha wanawake tulikisikia bila waya wowote.

Badi, naandika kwa shida, alisema vizuri. Alisema sharti hilo ni halali, na mwenye kuahidi haogopi wino. Kisha Mbarak akasogea, karibu mno, ukumbini wakaona tundu moja la pua. "Tima, kazi utafanya. Nasema mimi, si ami." Kijana kajikaza! Ikaandikwa. Nikaenda kuuliza tena.

"Nimeridhia." Kwa sauti! Mashahidi walisikia, na mlangoni pia walisikia. Vigelegele. Macho yangu yalitoka machozi. Vumbi la mapaa.

Jumamosi, 13 Novemba

Kioo cha pili kimeshinda! Tangu asubuhi nawaeleza watu kwamba sauti niliiacha wazi makusudi. Mwanaima anauliza, kama ni makusudi, jana kwa nini nilipiga ukelele, "Nani kafungua sauti?" Ana kumbukumbu mbaya, mke wangu: hasahau.

Kabla ya kuvuka kwenda Kisauni, Tima alinibusu mkono. Alishukuru kwa kioo. Kisha akasema: "Siku nyingine, ami, muulize msichana kwanza kabla hujamjibia. Na ukae usikie jibu." Maneno ya dhahabu! Nikamwahidi papo hapo.

Mdogo wake, Mwanatatu, hajaposwa. Nimeshampangia Septemba. Vioo vitatu, kamera mbili. Mwenyewe sijamwambia, ataona kwenye kioo.

Nanyi wenye vijana wa kuoa, Likoni, Changamwe na Kisauni: leteni posa kabla ya Ramadhani. Kila mmoja aje na waya wake, mrefu, na usiwe wa kuungaunga.