Nilivyomlaza Mzee Kalunde kwa Kiingereza

Leo nimepatikana. Nawaambieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Ipuli, maana wao watatia chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji.

Mnajua mimi ni mkalimani wa Bwana Shamba, huyu Mwingereza mpya (Kiswahili chake bado kinatambaa). Mnajua pia kwamba nimepeleka posa kwa Mwajuma, binti wa Mzee Kalunde, yule wa Ipuli mwenye mizinga ya nyuki. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alimwambia mshenga wangu kwamba kazi ya ukalimani haifahamu, kwa hiyo anataka kwanza anione nikiifanya. Basi Bwana Shamba aliposema anataka kwenda porini kutazama mizinga, jina la Mzee Kalunde lilinitoka kabla hajamaliza kusema. Tukapatana Mzee aje ofisini leo asubuhi, atuongoze. Nikavaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe.

Sasa, Kiingereza changu. Najifunza jioni kwa Mwalimu Petro, kule Kanyenye. Siku hizi tuko kwenye yale maneno madogo yanayosimama mbele ya kitenzi: can, may, should, must. Mwalimu ametufundisha kwamba kila moja linavuta kitenzi kitupu nyuma yake, na kitenzi nacho kinavuta mahali. "Must go to the market," lazima aende sokoni. "Must sit on the bench," lazima akae kwenye benchi. Nimeyakariri hata bafuni. Can ni kuweza, may ni ruhusa, should ni kupaswa, must ni lazima. Kila neno na maana yake moja. (Mwalimu alisema zipo na nyingine, tutazifikia mwezi ujao. Mimi sikuona haja ya kuzingoja.)

Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi. Mzee hakutokea. Bwana Shamba akasimama barazani, akatazama barabara, akatazama mawingu, akasema, "The old man must be in bed."

Nikaipasua sentensi palepale. Must, lazima. Be, awe. In bed, kitandani. Lazima mzee awe kitandani. Moyo wangu ukaguswa. Nilijua Mzee alikuwa akikohoa wiki iliyopita, kumbe habari zimemfikia Bwana mpaka ofisini. Ili nisikosee nikamwuliza tena, "Must be, sir?" Akatikisa kichwa kukubali. "Must be."

Nikapanda baiskeli. (Bwana anasema nilimwacha bado anazungumza.)

Nilimkuta Mzee njiani, hajafika mbali na kwake. Kanzu, koti, tarabushi, fimbo mkononi. Alikuwa amecheleweshwa na koti, lililolowa jana na kukaushwa jikoni. Nilishuka kwenye baiskeli, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa ujumbe wangu.

"Mzee, Bwana Shamba ameagiza. Lazima uwe kitandani."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu hakuitaja. Lakini nilimwuliza tena, akakazia."

Mzee akaegemea fimbo yake. Akasema serikali iliwahi kumwambia lazima apande muhogo, akapanda, na muhogo wenyewe haupendi. Ikamwambia lazima achimbe choo, akachimba. Amri ya kulala angalau haina jembe. Akageuka, akarudi nyumbani, mimi nyuma yake nasukuma baiskeli kwa heshima.

Mkewe, Bi Tatu, alitaka kujua mumewe anaumwa nini. Nikamwambia sijui. Jibu hilo ndilo lililoharibu mambo. Alisema, kama serikali inamlaza mtu mzima anayetembea, basi imeona kitu ambacho sisi hatujakiona. Akamlaza na koti lake, akamfunika blanketi, halafu jingine. Majirani wakaanza kuingia. Mmoja akapika uji. Mwingine akakumbuka shemeji yake aliyeambiwa ajinyooshe kidogo tu, na hakuinuka tena. Baada ya hapo watu wote wakawa wananong'ona.

Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha mgonjwa, kwa niaba ya serikali. Mzee akataka kuamka akawafungulie mbuzi. Nikamrudisha taratibu kwenye mto.

Nilipotoka kupunga hewa, Mwajuma akanijia mlangoni. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una hakika ulisikia vizuri?"

Nikamweleza. Nikamwambia habari za yale maneno madogo, kitenzi kitupu, na mahali panapokuja mwisho. Nikamtolea na mfano wa benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaenda kuchochea moto. Nikajua nimempendeza.

Muda si mrefu tukasikia gari. Bwana Shamba alikuwa amechoka kungoja, akaamua kutufuata. Alipoona ua umejaa watu na wanawake wamejitanda kanga, akavua kofia. Akaingia chumbani kwa kunyata. Alichokiona ni mzee anayetiririka jasho, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anapumua kwa shida chini ya blanketi mbili na koti. Bwana alisikitika kweli, sina sababu ya kumsingizia. Akaniinamia sikioni akasema, "He should be in hospital."

Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nikawageukia watu, nikatangaza kwamba Mzee anapaswa kuwa hospitali. Wanaume wanne wakashika miguu ya kile kitanda cha kamba, wakakinyanyua na mwenyewe ndani. Bi Tatu akaangua kilio, na kule uani wakampokea. Kitanda kikafika mlangoni, kikakataa kupita. Wakakilaza ubavu. Mzee akateleza, akatua wima kwa miguu yake, blanketi shingoni, tarabushi bado kichwani, akasema kwa sauti iliyonyamazisha ua mzima:

"Kulala nimelala. Kubebwa, hapana."

Bwana Shamba alimwendea. "Mzee, wewe gonjwa?"

"Mimi mzima. Wewe ndiye umeagiza niugue."

"Mimi?"

Wakanigeukia wote wawili. Halafu chumba kizima. Halafu na wale waliokuwa wakichungulia dirishani.

Nikajibu, kwa Kiingereza changu cha kuvalia viatu, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema, tena nilimwuliza akarudia. Bwana akafikiri. Masikio yakaanza kuwa mekundu, nami nikadhani ni hasira, kazi imekwisha. Kumbe ni kicheko alichokuwa akikizuia. Akanishika mkono, akanitoa uani, akanionyesha mawingu meusi upande wa Urambo.

"It must be raining in Urambo," akasema. Kisha, polepole, kwa Kiswahili chake: "Sasa nani toa amri kwa mvua?"

Hapo nikaelewa. Na ni vibaya sana kuelewa mbele ya watu. Must yake ya asubuhi haikuwa amri. Alikuwa anakisia tu. Kuna baridi, kuna manyunyu, mzee hajafika, bila shaka bado yuko kitandani. Basi. Nami, kwa kuwa ndiyo kazi ninayolipwa, ikanibidi niutafsiri upumbavu wangu kwa sauti, neno kwa neno, ili na walio nyuma wasikie.

Hakuna aliyecheka. Nafikiri walikuwa wanangoja mtu wa nyumba aanze. Akaanza Mwajuma, kutoka jikoni.

"Mbona hata sisi tunasema hivyo? Mama akisema, 'Baba lazima atakuwa kwenye mizinga,' nani ameshawahi kwenda kumkamata ampeleke?"

Ua ukapasuka. Bi Tatu alicheka huku akifuta machozi yaleyale ya kilio. Wale wabebaji walikaa chini. Bwana Shamba alikaribishwa uji wa mgonjwa, akaumaliza. Kisha yeye na Mzee wakashika njia ya porini, na mimi nikafuata nyuma kama mzigo. Mzee alionyesha mzinga kwa fimbo, Bwana akaitikia kwa kichwa, wakaelewana siku nzima bila kuniuliza chochote.

Tuliporudi, Mzee akaniita kando. Nikajiandaa kurudishiwa posa yangu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akatikisa kichwa, na nadhani nilimwona akitabasamu, ingawa leo macho yangu siyaamini sana. Akasema, "Unaweza kuja Ijumaa na wazee wako." Akaingia ndani.

Unaweza. Sasa hapo ameniruhusu, au ameniagiza? Au amesema tu kwamba miguu ninayo na njia ya Ipuli naijua? Ningemwuliza Mwajuma, lakini mpaka naondoka alikuwa bado anacheka, na kicheko chenyewe, niseme ukweli, nilikipenda. Basi nyinyi mnaojua Kiswahili, hebu nisaidieni kwanza. Kucheka mtacheka Jumamosi.