Jinsi Gerson Alivyomfufua Babu wa Divai

Pu! Gizani, umeme ukiwa umekatika, kizibo kilitoka chupani huko jikoni. Na kwa mlio huo mdogo, enyi watu wa Miyuji, ikawaka vita ambayo wanahistoria wataiandika, wakikosa kazi nyingine. Sogeeni basi, msikie.

Siku hiyo tulimbatiza kitindamimba wetu. Shangazi Paulina, mzee wa kanisa, ngome isiyobomoka, ndiye aliyepaswa kumtamkia mtoto jina la ukoo. Akasimama na mkoba wake.

"Mvinyo? Kwenye ubatizo? Naondoka, na jina naondoka nalo."

"Shangazi, ni divai tu, ya zabibu za Hombolo," nikamwambia.

"Divai iko kanisani, mwanangu. Hiyo ya baa ni mvinyo."

Ndipo akainuka Gerson mume wangu, simba wa masomo ya jioni ya asili ya maneno, mfalme wa sura ya kwanza ambaye ya pili hajaifungua. Mwenye akili angeomba radhi. Yeye alishika kipande cha mkaa, akauendea ukuta wangu mweupe kama aendaye kuteka mji, nami nikimmulikia kwa simu.

"Shangazi! Namwita Mlatini: *vinum*! Njoo Mgiriki wa kale: *woinos*! Njoo Mwarmenia: *gini*! Hawa wote wana babu mmoja, aliyekufa kabla ya maandishi, nami leo namfufua!"

Akaandika *\*woinom*, na nyota mbele yake. Maana nyota ndicho cheo wanachovishwa maneno ambayo hakuna sikio lililo hai lililowahi kuyasikia.

"*Vinum* akamzaa *vinho* wa Kireno, aliyetuletea mvinyo, akamzaa na *vin* wa Kifaransa, aliyetuletea divai. Baba mkubwa na baba mdogo! Watoto wao ni ndugu!"

"Kwa hiyo divai ana ndugu mlevi," akasema Shangazi. "Kila ukoo unaye. Haalikwi ubatizo."

Shujaa akayumba. Kwa kukosa silaha nyingine, akammiminia Shangazi kikombe.

"Basi onja, hakimu wetu, utuambie huyu ni yupi kati yao."

Shangazi akaonja. "Bado sijamtambua." Akaongezwa. Akauweka mkoba chini, akaketi, akaongezwa tena, kisha akamwekea mtoto mkono kichwani, akamtamkia jina la ukoo kwa sauti nene: "Matonya!"

"Elimu imeshinda!" akanguruma Gerson, mkono wenye masizi juu. "Iandikwe kwamba leo, Miyuji, neno lililokufa limeokoa ukoo!"

Hana, binti yetu wa miaka minne, akainua chupa.

"Bibi amemaliza yote."