Serikali Imemtambua Mwanangu, Mimi Bado

Mheshimiwa Mkuu wa Vitambulisho wa Wilaya,

Habari za kazi na za nyumbani. Sasa hivi mwanangu Elikplim, wa miezi tisa, amechomoa kidole mdomoni, kimejaa uji, akakibandika kwenye kioo cha mashine yako ya alama za vidole. Taa ya kijani ikawaka! Kumbe karani wako, Efo Senyo, alishaandika jina langu, alikuwa anasubiri kidole changu tu. Basi kwa serikali, mwanangu ndiye Dzigbordi Agbenu, miaka ishirini na miwili, mkaanga muhogo.

Muhogo naukwangua na kuukaanga mimi, tangu utotoni, hadi alama za vidole zimefutika, vimelainika kama mgongo wa kijiko. Siku ya tatu leo mashine inanikataa. Efo Senyo, niliyesoma naye darasa moja, kaniambia mbele ya foleni nzima: “Dada, mimi nakujua, mashine ndiyo haikujui. Una hakika upo?” Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mguu wa Elikplim umepinda tangu azaliwe, na madaktari wa kuunyoosha wanaondoka Ijumaa. Bila kitambulisho cha mama, hapasuliwi.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba:

1. Elikplim, kwa kuwa sasa ni mtu mzima, atie sahihi ya upasuaji wake mwenyewe. Kalamu anaishika vizuri, ila huila.

2. Mimi niandikwe mtoto wake, nipewe na chanjo.

3. Uchaguzi ukifika apige kura. Yeye humchagua mtu kwa kumvuta ndevu. Hatakosea zaidi ya sisi tuliowachagua walionunua mashine hii.

4. Wewe mwenyewe, mheshimiwa, njoo ukaange muhogo mwezi mmoja, kisha tuone kama mlango wa ofisi yako, unaofunguliwa kwa kidole, utakufungukia.

Nisalimie mama watoto, walinzi wako, na mashine yenyewe.

Wako mtiifu, ingawa sipo,
Dzigbordi Agbenu

Tanbihi: Nakusihi, barua hii usiifanyie kazi. Efo Senyo kaninong'oneza kwamba hospitali nako wana mashine kama hii, na fomu ya mzazi itapita kwa kidole kilekile cha Elikplim. Basi msirekebishe kitu mpaka Ijumaa ipite. Mashine ina akili, serikali ina huruma, nami sipo wala sidai kuwepo, mradi mwanangu atembee. Ngoja, Efo Senyo anatuita tuchukue kitambulisho: “Wee Dzigbordi, mlete huyo mama yako upesi, mtandao umerudi!” Mheshimiwa, naomba tu usirekebi—