Maoni kwa Kisado

Siku mkusanyiko wa nyimbo za Ininahazwe ulipofika Kasulu, ugomvi ulifika nao, na Marselino alikuwa amekalia kreti la soda ng'ambo ya barabara akivisikiliza vyote viwili.

Kwa asiyemjua Ininahazwe (na mtu huyo asilitangaze jambo hilo akiwa Kasulu), huyu ni yule mwanamke aliyetoka kwaya ya Muyama, akashika gitaa la umeme, akapiga roki kwa Kiha na Kiswahili miaka thelathini bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa anaishi Dar es Salaam, amevaa miwani, na ametoa nyimbo ishirini bora za maisha yake kwa mkupuo mmoja. Mansuri, mwenye kibanda cha kurusha nyimbo kwenye simu na flashi, alizipata asubuhi. Kufika saa nne hapakuwa na aliyekuwa anasikiliza. Wote walikuwa wanasema.

"Ishirini, halafu kumi na mbili ni za baada ya kuhamia Dar!" alilalamika fundi baiskeli mmoja. "Kipindi kile aliimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto."

"Ulitaka apige makelele mpaka azeeke?" alijibu muuguzi Anifa. "Zile za taratibu ndizo nyimbo. Nyingine zote ni ajali ya lori."

"Mimi nataka 'Mvua ya Mawe'! Iko wapi?"

"Ya saba," alisema Mansuri.

"Hiyo ya saba imenyolewa! Gitaa lote la katikati wamekata!"

Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa ameegemea baiskeli yake tangu asubuhi bila kutoa neno, akasogea dirishani. "Na 'Usizime Koroboi'?"

Mansuri alipandisha orodha, akaishusha. "Haimo, mzee."

"Tazama tena, mwanangu."

"Nimetazama mara mbili, Mzee Tharsisi. Haimo."

Wote pale walijua. Mke wa Tharsisi, Josepha, alifariki mwezi wa tatu. Wimbo huo ndio aliouimba kila alipokaa kuchambua maharage. Kaseti waliyokuwa nayo ilitafunwa na redio wiki ile ile ya msiba, kwa sababu kila mgeni alitaka uchezwe tena.

"Beti ya pili imenitoka," alisema mzee kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. "Ya kwanza ninayo. Ya tatu ninayo nusu. Ya pili nikiitafuta siioni."

Mtu mwingine angesikia huzuni. Marselino alisikia mlango ukifunguliwa.

Alikuwa ameingia mjini miezi minne nyuma kutoka Morogoro, akiuza miwani ya kusomea ambayo haikumsomesha mtu. Kiha chake chote kilikuwa salamu moja. Lakini alikuwa na shati jeupe, daftari kubwa jekundu na ile sauti ya upole ambayo watu huwa nayo wakiwa wanasoma tangazo la serikali. Alivuka barabara.

"Mwakeye," alisema, na hapo Kiha kikaisha. "Ndugu zangu, nimewasikia. Na nimetumwa kuwasikia. Mimi ni mratibu wa maoni ya mashabiki, kanda ya magharibi. Toleo la pili linaandaliwa."

"Toleo la pili?"

"Dada Ininahazwe mwenyewe amesema kosa limefanyika. Nyimbo gani ziongezwe, zipi zitolewe, mashabiki ndio watakaoamua. Kila maoni yataandikwa humu. Ila," akashusha sauti, "Kibondo wameshaleta maoni mia mbili. Wote wanataka zile za taratibu."

Kwa jambo hili hata Anifa alikasirika, kwa sababu kukubaliana na watu wa Kibondo kulimwumiza kuliko kushindwa.

"Gharama yake?" aliuliza Mansuri, ambaye naye si mtoto mdogo.

"Hakuna gharama. Fedha dada kaikataa kabisa. Kisado kimoja tu cha maharage kwa kila maoni. Bendi inaingia studio mwezi mzima, na bendi ya roki inakula, jamani. Mpiga dramu peke yake anamaliza sufuria."

Ilikuwa hesabu nzuri. Maharage yalikuwa yametoka shambani, bei ilikuwa chini, kila nyumba ilikuwa na magunia pembeni ya kitanda na hakuna aliyekuwa na shilingi. Mtu ambaye angeona uchungu kutoa noti alichota kisado, kindoo kidogo cha kupimia, bila kuhema.

Basi Marselino akaandika. Tumtendee haki: aliandika kwa bidii, mwandiko mzuri, bila kuruka neno. Fundi baiskeli alitaka gitaa la katikati lirudishwe lote na juu yake liongezwe dakika mbili kama fidia. Anifa alitaka wimbo wa harusi uwekwe mwanzoni na pia mwishoni, ili mtu asipitwe. Mwalimu William, aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, alileta kurasa nane zenye vichwa vya habari, akithibitisha kwamba ni nyimbo mbili tu zilizo muziki, na hizo mbili alizisikia akiwa njiani kuja. Kulikuwa na mtu wa Rungwe Mpya aliyetembea asubuhi nzima kuja kusema kwamba hapendi chochote, na akalipa kisado aandikwe hivyo.

Mzee Tharsisi alikuja na gunia zima juu ya baiskeli.

"Kisado kimoja kinatosha, mzee wangu," alisema Marselino, na neno hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

"Kimoja ni cha maoni. Hivi vingine ni vya kusisitiza." Akasubiri daftari lifunguliwe. "Andika: mke wangu ameondoka na beti ya pili. Naomba mnirudishie beti."

Marselino aliandika. Alihisi kitu kikimbana kifuani, akakichunguza, akaamua kuwa ni gesi.

Wiki mbili baadaye alikuwa na magunia saba. Aliwaaga mashabiki, akaahidi kurudi na matokeo, akapakia kwenye lori la Kenta na kushika njia ya Kahama, ambako maharage ya Kasulu yana heshima zake. Alikuwa ameshaupanga moyoni mlango wa duka lake huko. Lakini kupita Kibondo bila kuvuna lingekuwa kosa la kitaaluma. Alishuka stendi, akaingia kwenye mgahawa mdogo nyuma yake, ambako mwanamke wa makamo aitwaye Esteri alikuwa anageuza chapati.

"Karibu, baba."

"Asante, mama. Unamfahamu Ininahazwe?"

Esteri alicheka kwanza. "Tulikuwa kwaya moja, Muyama. Tulifukuzwa pamoja siku moja."

Marselino akaagiza chapati ya pili. Alimweleza habari za toleo la pili, na jinsi Kasulu walivyoleta maoni mia mbili wakiitukana Kibondo. Mwanamke hakukasirika. Alifuta mikono.

"Naweza kuona daftari?"

Alisoma polepole kurasa zote. Penye mwalimu alitabasamu. Penye mtu wa Rungwe Mpya alicheka mpaka chapati ikaanza kuungua. Kisha akafika mahali akausoma mstari mmoja mara mbili, kidole juu yake.

"Huyu Tharsisi. Ni mtu mzima?"

"Sana. Katoa gunia zima."

"Kwa ajili ya 'Usizime Koroboi'."

"Ndiyo huo. Eti umepotea."

"Hujapotea," alisema Esteri, akafunga daftari. "Kaseti ya kwanza kabisa, ile ya kabla hajaenda Dar, ipo. Iko kwa dada yangu, Munanila. Lakini siwezi kuitoa hivi hivi."

Marselino aliacha kutafuna. Kichwani mwake yale magunia saba yalikuwa yameshaanza kuonekana machache. Watu wanaotoa kisado kwa kusema, je, watatoa ngapi kwa kusikia? Kasulu, Kibondo, Buhigwe yote! Na huo ni wimbo mmoja tu.

"Unataka nini, mama?"

"Sitaki. Ni kumbukumbu."

"Magunia mawili."

"Ni kumbukumbu, baba."

"Manne."

"Nyumba yangu ina midomo tisa," alisema Esteri, akihema kama anayeshindwa. "Njoo keshokutwa."

Keshokutwa kaseti ilikuwepo, karatasi yake imefifia, na pembeni pameandikwa kwa kalamu jina la Ininahazwe. Esteri aliiweka kwenye redio yake. Gitaa lilianza kukwaruza, kisha ikaja sauti ya mwanamke, nene, yenye kokoto ndani yake, ikiimba Kiha. Marselino alifumba macho na kutikisa kichwa. Wiki mbili nzima alikuwa amesikiliza mkusanyiko wote kwa ajili ya kazi. Sauti hiyo angeitambua hata chini ya maji.

"Hapo nimesikia kama neno maharage," alisema kwenye beti ya tatu.

"Ibiharage, ndiyo. Ni wimbo wa mapenzi."

"Maharage kwenye mapenzi?"

"Baba, wewe wa wapi? Huku mapenzi bila maharage ni maneno matupu."

Lilimwingia akilini. Alitoa sita, akabembelezwa, akatoa na la saba. Yalishushwa na kupangwa nyuma ya mlango wa bluu, naye akageuza safari kurudi Kasulu, kaseti ikiwa mfukoni upande wa moyo.

Kesho yake asubuhi mbele ya kibanda cha Mansuri palijaa. Mansuri alipangusa vumbi redio kaseti ya marehemu baba yake na kuiunganisha na spika.

"Matokeo yanakuja," alitangaza Marselino. "Lakini kwanza, zawadi. Kaseti ya asili, haijawahi kusikika! Leo mnasikia bure, kwa heshima yenu. Atakayetaka kwenye simu yake, visado viwili."

Beti ya kwanza ilipita katika utulivu wa kanisani. Ya pili ikapita, na Mzee Tharsisi alivua kofia. Ilipoanza ya tatu, fundi baiskeli alikohoa. Anifa akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Nyuma mtu alipiga kelele moja fupi akazibwa mdomo.

"Machozi!" alinong'ona Marselino kwa Mansuri. "Hii ndiyo roki."

"Kabisa," alisema Mansuri kwa shida. "Tunaomba beti ya tatu irudiwe. Kuna mahali hatujaelewa vizuri njia. Nataka kusema, njia ya sauti."

Ikarudiwa. Mwalimu William, ambaye Kiha hakijui, aliinamia sikio la jirani yake, akaambiwa, akasimama wima kama aliyeitwa na mkaguzi na kuondoka kwa hatua ndefu. Wengine walifuata mmoja mmoja, wakaaga kwa adabu isiyo ya kawaida. Baada ya muda walionekana wakipita na magunia matupu begani kuelekea stendi.

Marselino aliyahesabu magunia hayo kwa furaha. Visado viwili aliomba, nao wanaleta magunia!

"Shika kibanda kidogo," alisema Mansuri, naye akabeba gunia lake. "Narudi."

Alibaki Tharsisi peke yake kwenye benchi.

"Wewe mzee huendi?"

"Langu litaletwa na wenzangu. Rudisha beti ya pili."

Marselino alirudisha. Midomo ya mzee ilitembea pamoja na sauti, neno kwa neno, kwanza kwa kuogopa, halafu kwa uhakika. Ilipokwisha aliomba tena, na ikachezwa tena. Kisha akavaa kofia.

"Unajua anasema nini, kijana wangu?"

"Mapenzi."

"Ya kwanza ni mapenzi. Ya pili pia, hiyo hajaigusa, kaiacha kama ilivyokuwa. Ya tatu ndiyo kaitunga upya." Mzee akajisafisha koo, akatafsiri kwa utulivu wa msoma risala. "Anasema: watu wa Kasulu, maharage yenu yapo kwangu Kibondo, nyuma ya stendi, mlango wa bluu. Njooni na magunia, kila mtu achukue chake. Katika kila gunia nimekata visado viwili, sauti haitoki bila kula. Huyu aliyewaletea kaseti msimpige, mpeni maji. Nilitafuta mtu wa kumpelekea mzee wimbo wake, nikampata aliyejilipia nauli."

Marselino alitazama redio, kisha barabara. Stendi ilikuwa kimya. Gari lilikuwa limeshaondoka.

"Ininahazwe aliimba hayo kabla hajaenda Dar?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Huyu si Ininahazwe. Ni Esteri Manirambona, yule aliyekuwa akiitikia nyuma. Kaseti za zamani zote, nusu ya sauti unayoisikia ni ya kwake. Shabiki yeyote wa kweli anajua." Akafikiri kidogo. "Kama bado unaandika maoni, andika hivi: wimbo wa leo ni bora kuliko wa zamani. Gitaa tu limekwaruza."

Marselino alikunywa maji aliyopewa na mzee. Yalikuwa ya baridi na hakuna aliyemdai. Aliinuka, akachukua daftari, akafungua redio na kuitoa kaseti. Akili yake, isiyojua kupumzika, ilikuwa imeshaanza kuwafikiria watu wa Kigoma mjini, ambao wengi wao wanajua Kiha, na wa Tabora, ambao hawakijui.

Mzee Tharsisi alikuwa amenyoosha mkono.

"Hiyo iache," alisema. "Nimeitolea gunia zima."