Malalamiko Dhidi ya Koili Fupi ya Preben

Nørre Tarpby,
Jumatano

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukumbi wa Kijiji.

Ndugu Mwenyekiti Karen-Lise,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nyumba zetu zinapakana na jana tu uliniona nikitoa takataka. Mambo mengine hayafai kusemwa mbele ya pipa. Kwa barua hii nalalamika rasmi juu ya jaribio la spika lililofanyika ukumbini Jumamosi iliyopita, ambamo spika zangu zilishindwa kwa kura arobaini na tatu dhidi ya moja. Naomba matokeo hayo yafutwe, spika za Preben Højmark zirudishwe kwake, na zangu zitundikwe mahali pake.

Wajumbe wapya wa kamati huenda hawajui mambo yalivyoanza. Spika za zamani zilikufa mwezi wa pili, katikati ya bingo, ule mchezo wetu wa nambari. Ketty, msoma nambari wetu, alisoma sabini na nne, nusu ya ukumbi ikasikia sitini na nne, na akina mama wawili wakasimama kudai zawadi moja, paja la nguruwe. Hadi leo hawasalimiani. Ndipo kamati ikatuomba sisi wastaafu wawili wa kiwanda cha spika, mimi na Preben, kila mmoja atengeneze jozi yake, na kijiji kichague kwa masikio, pazia la jukwaa likiwa limefungwa.

Mimi na Preben tulikaa kwenye meza zinazotazamana miaka ishirini na sita. Kazi yetu ilikuwa mota ya spika, yaani sumaku na ile koili ya waya inayocheza ndani ya mwanya wa sumaku na kuisukuma karatasi ya spika mbele na nyuma. Mimi ni mtu wa koili ndefu. Nachukua mwanya mfupi na kuweka ndani yake koili inayouzidi kwa urefu, ili koili ikienda mbele au ikirudi nyuma, daima kuna waya uliobaki kwenye sumaku. Sumaku inatosha kuwa ndogo, spika inakuwa nyepesi, nayo inasukuma mbali bila manung'uniko. Ni kweli kwamba waya mwingi unakaa nje ya mwanya ukila umeme bure, kama wajumbe wanaokuja mkutanoni kwa ajili ya kahawa. Sijataja jina.

Preben ni mtu wa koili fupi. Mwanya wake ni mrefu, na koili inakaa humo humo isitoke. Kila uzi wa waya unafanya kazi. Lakini kuujaza mwanya mrefu kwa nguvu ya sumaku kunataka sumaku kubwa kama jiwe la kusagia, na koili ikishafika ukingoni haina tena pa kwenda.

Tulibishana hivyo kila siku ya kazi, tukila mkate mweusi na samaki wa siki kutoka kwenye mikebe iliyofanana, maana wake zetu walinunua pamoja. Halafu ukaja mwaka niliowashawishi wakubwa waachane na sumaku nyeusi nzito na kutumia zile ndogo kali za kisasa. Niliwaambia mtu mmoja ataweza kubeba spika ya dansi kwapani. Sikuwaambia, kwa kuwa nilikuwa sijasoma ukurasa wa mwisho, kwamba sumaku za aina ile zikichemka sana hupoteza nguvu na hazirudi tena kama zamani. Spika zikapelekwa kwenye tamasha la kiangazi. Saa nane mchana muziki ulitikisa nyasi. Saa kumi ulikuwa unanong'ona. Nilisimama kando ya jukwaa pamoja na wakubwa wote wa kiwanda, na Preben akanigeukia akasema, “Vagn, si uziamshe basi.”

Walicheka hadi wakajishika magoti. Tangu siku ile nikawa nakula mkate wangu ndani ya gari. Sasa ni miaka kumi na minne, tisa kati ya hiyo tukiwa wastaafu, na salamu yetu dukani imekuwa ya kutikisa kichwa.

Baada ya maelezo hayo mafupi, malalamiko yangu ni haya:

1. Pazia. Lile pazia lilishonwa na chama cha akina mama kwa kitambaa kizito, na kitambaa kizito hunyonya sauti za juu. Spika za Preben zina sauti nyingi za juu, zangu zina za kiasi. Kwa hiyo pazia lilinipunguzia kidogo nilichonacho, na yeye likamwachia ziada. Kamati itasema pazia lilikuwa mbele ya spika zote. Hilo nalijua. Ndiyo maana nalalamikia pazia na si mahali lilipokuwa.

2. Keki. Keki ya tabaka ililiwa kabla ya jaribio na si baada yake. Mtu aliyeshiba krimu hupendelea spika yoyote isiyomshtua.

3. Pete ya shaba. Preben alivisha mota yake pete ya shaba nyekundu. Umeme wa koili huivuruga sumaku, na pete hiyo huituliza, ndipo herufi nyembamba kama “s” na “t” zinatoka safi. Lakini pete inataka nafasi, nafasi inaupanua mwanya, mwanya mpana unadhoofisha sumaku, na sumaku dhaifu inabidi iongezwe ukubwa. Mtu mwenye akili anaishia njiani. Preben hakuishia njiani, na hilo nalihesabu kuwa ni kukosa adabu. Mimi shaba ninayo, iko kwenye droo ya tatu karakana, lakini sikuitumia, kwa sababu mwaka 1991 nilitamka mbele ya watu kwamba shaba ni pambo.

4. Kura yangu. Hapa naomba utulivu.

Kama unavyokumbuka, Ketty alisoma nambari thelathini kupitia spika za kwanza, na nyingine thelathini kupitia za pili, kisha tukaimba nyimbo mbili. Nilikaa safu ya tano na kalamu mkononi. Kupitia jozi ya kwanza nilisikia kama ninavyosikia siku zote tangu mwaka juzi, yaani mtu anaongea akiwa chini ya blanketi. Nikajisemea, maskini Preben, uzee umemfika. Ikaja jozi ya pili. Ketty akasema sabini na tatu, nami nikasikia sabini na tatu. Akasema sitini na saba, nikasikia sitini na saba. Nilisikia hata anavyovuta pumzi kabla ya kusoma. Ndugu Mwenyekiti, machozi yalinilengalenga, nikasema moyoni, Vagn, hatimaye umefanya kitu maishani. Nikaandika namba mbili kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Pazia likafunguliwa. Namba mbili zilikuwa za Preben.

Nadai basi kura yangu ihesabiwe kama nilivyokusudia, si kama nilivyoandika. Tena twende mbele zaidi. Ikiwa mimi niliyezitengeneza spika zangu kwa mikono yangu nilidhani namba mbili ni zangu, basi na wale arobaini na wawili wengine walidhani hivyo hivyo. Walikusudia kunichagua mimi. Matokeo sahihi ni kura arobaini na nne kwa sifuri, nami namshukuru kila mmoja wao kwa imani yake.

5. Kura ile moja. Uvumi umeenea kwamba kura pekee niliyopata ni yangu. Si kweli, na kifungu kilichotangulia kinathibitisha hivyo. Ilikuwa ya mke wangu Gudrun. Tulipofika nyumbani nilimuuliza alizitambuaje. Alisema amekuwa akipika akizisikia kutoka karakana kwa miezi minane, angezitambua hata akiwa usingizini. Nikamuuliza kama alizipenda. Akavua koti, akalitundika, akanyoosha mikono ya koti vizuri.

“Hapana,” akasema. “Lakini mtu mmoja ilibidi azichague.”

Naomba hili lisiingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

6. Vijiko. Sumaku za Preben hazijui mipaka. Wakati wa kufunga ukumbi, vijiko sita vya kahawa vilikutwa vimeganda nyuma ya spika zake, pamoja na funguo za gari la Holger, ambaye alikuwa ameshaanza kwenda nyumbani kwa miguu huku akimlaumu mkwewe kwa kuzichukua. Sumaku zangu haziwezi hata kushika pini. Huo ni usalama.

7. Nambari zenyewe. Ushahidi wote dhidi ya spika zangu unatokana na nambari zinazoanzia sitini hadi sabini na tisa. Nje ya hapo hazina kosa linalojulikana. Napendekeza nambari hizo ishirini ziondolewe kwenye bingo ya kijiji hiki. Tutabakiwa na sabini, yaani nyingi tu, na wale akina mama wawili watapatana. Kamati ikiona ni vigumu, Ketty anaweza kuinua kibao chenye nambari kila anapoisoma, hapo spika hazitahitajika kabisa, na zangu ndizo nyepesi zaidi kwa kutohitajika.

8. Maneno ya Preben. Hili niliazimia kutoliandika. Watu walipokuwa wakivaa makoti, Preben alinijia. Miaka kumi na minne hajanijia. Nilijiandaa. Nilikuwa na jibu tayari, nimelitunza tangu siku ya tamasha, tena ni jibu zuri sana. Akasimama mbele yangu, akaitazama spika yangu niliyokuwa nimeibeba kwapani, akabonyeza karatasi yake taratibu kwa vidole viwili kama tulivyokuwa tukifanya kiwandani, kuona kama koili inakwaruza popote.

Akasema, “Haigusi hata kidogo, Vagn. Mimi sijawahi kusuka koili ya namna hii. Ungeipa shaba tu.”

Akaenda zake. Jibu langu likabaki bila kazi. Nalalamika kwamba mshindi hana haki ya kumsifu aliyeshindwa mbele ya mahali pa kutundikia makoti, ambapo aliyeshindwa hana pa kutazama isipokuwa makoti. Sikulala vizuri siku mbili. Jumatatu nilikwenda kupimwa masikio, jambo ambalo Gudrun amekuwa akiniomba tangu mwaka juzi, na mpimaji, binti mdogo mwenye adabu, alinionyesha mchoro wa usikivu wangu. Unaanza vizuri upande wa kushoto, kisha unateremka kama bustani yangu inavyoteremka kwenye mtaro. Nikamuuliza herufi “s” iko wapi. Akaweka kalamu mtaroni.

Kwa hiyo naiomba kamati itambue kwamba kwa miezi minane nilirekebisha sauti ya spika kwa masikio yasiyosikia kile nilichokuwa nikirekebisha. Hilo pekee linatosha kulifuta jaribio, kwa kuwa nilishindana nikiwa na upungufu ambao mpinzani wangu hakuwa nao. Yeye alisikia. Sioni ushindani wowote wa haki ambamo mmoja anasikia.

Nasubiri uamuzi wenu kwa maandishi kabla ya bingo ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nisalimie mumeo, na mgongo wake; wasalimie Ketty, Holger na mkwewe, chama cha akina mama pamoja na pazia lao, na wote arobaini na watatu, mimi nikiwa miongoni mwao.

Wako katika ujenzi wa kijiji,

Vagn Damtoft
Mhandisi mstaafu, koili ndefu

N.B. Sikuipeleka barua hii jana, kwani nilitaka kwanza nipime rafu za ukumbi nipate ushahidi kwamba hazitabeba sumaku za Preben. Nilimkuta Preben peke yake juu ya ngazi, bega lake bovu likitetemeka, spika imeegemea kichwa chake, na hawezi kupanda wala kushuka. Nikaishika. Ni nzito mno, kama nilivyosema. Rafu zinabeba, nimezikaza mwenyewe kwa skrubu nane. Nyaya pia nimelehemu mimi, maana yeye mikono haimtulii siku hizi. Tulikula mkate wake ukumbini. Kesho anakuja karakana kwangu na pete mbili, nami nimeshafungua droo ya tatu. Madai yangu yote hapo juu nayasimamia, kasoro ya kwanza hadi ya nane, na naomba barua hii isomwe mkutanoni mbele ya wanachama wote. Tafadhali isomwe kupitia spika za Preben. Kwenye zangu hawatasikia hoja.