Waraka wa Kunyoosha Milango ya Kiini

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba fujo zote ndani ya seli za miili ya watumishi wa Taasisi yetu ya Utafiti zimepigwa marufuku. Seli zenyewe zimeshaarifiwa kwa barua.

Mimi ni Afisa Mkuu wa Nidhamu na Mpangilio. Nimo kwenye kamati kumi na moja, na katika nne kati ya hizo mjumbe ni mimi peke yangu. Ndimi niliyeasisi utaratibu wetu kwamba mwenye cheo kikubwa ahudumiwe kwanza: kwenye chai, kwenye lifti, hata mlangoni pa choo. Siku moja mhasibu alibanwa, akasubiri mpaka machozi yakamtoka, lakini utaratibu haukuvunjwa. Najivunia sana.

Ofisini kwa Mkurugenzi kuna picha ya kiini cha seli. Ni duara safi la zambarau, na ukingoni mwake kuna milango ishirini na minne, imepangwa kwa umbali sawa kama vifungo vya shati jipya. Mkurugenzi huitazama akinywa chai. "Huo ndio utawala bora," huniambia.

Basi Alhamisi moja tukashuka maabara kumkagua mama mmoja mtaalamu, ambaye watu wote humwita Mama Hadubini. Alituonyesha kioo cha kompyuta. Palikuwa na kiini, kimepindapinda kidogo, na nukta za kijani zimejazana upande mmoja.

"Hizi nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ni milango, mzee. Imejengwa kwa protini, iko kwenye ukuta wa kiini. Ujumbe unatokea hapo, vitu vya kazi vinaingilia hapo. Na huu wekundu ni wavu wa protini unaoushika ukuta usibonyee."

"Mbona huku imesongamana na kule hakuna hata mmoja?"

"Nyuma ya ukuta wa kule kuna vinasaba vimekunjwa, havina kazi kwa sasa. Mlango wa nini?"

"Mlango wa nini!" Mkurugenzi alinigeukia, akiwa amekunja uso. "Seli hizi za nani?"

"Zangu. Nimejipangusa ndani ya shavu kwa pamba leo asubuhi."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu tayari.

Waraka Namba Tisa ulitoka kabla ya saa kumi. Kila mtumishi awe na milango ishirini na minne kwa kila kiini, kwa umbali sawa, kama inavyoonekana kwenye Picha Rejea iliyoko ofisini kwa Mkurugenzi. Mwenye msongamano ajirekebishe ndani ya siku kumi na nne. Baada ya hapo, atakayekutwa nao ataondoka kazini papo hapo, bila kujali cheo. Hayo maneno "bila kujali cheo" niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu yanapendeza masikioni.

Kesho yake Mama Hadubini akanifuata ofisini.

"Kaka, nimebakiza wiki sita tu. Wale watoto wagonjwa wa hospitali, wodi namba nne, viini vyao vinabonyea kama mpira uliotoboka. Nikishajua wavu unakatikia wapi, madaktari watajua pa kuanzia. Mkinifukuza, chumba kitafungwa na sampuli zao zitaharibika zote."

"Umeanza kujirekebisha?"

"Nijirekebishe vipi? Nizipigie protini kelele?"

"Anza kwa kuketi wima, mama."

"Mungu anakuona," akasema, akaondoka bila kufunga mlango.

Mimi si katili jamani. Niliziandikia protini zake barua: *Yah: Msongamano Usio wa Lazima Ukingoni.* Nakala nilipeleka kwa kiini. Siku kumi na nne zikapita bila jibu. Dharau iliyoje!

Siku ya kumi na tano tukaita watumishi wote ukumbini. Mkurugenzi alikuwa ameshasaini barua ya kufukuza kazi, moja tu, nafasi ya jina ikiwa wazi, kwa kuwa hakulijua jina la yule mama. Na ili watu waone tofauti, alijitolea seli za shavu lake mwenyewe. Mama Hadubini alizichukua asubuhi, akazipaka rangi, na saa tisa akaziweka kwenye kioo kikubwa, pembeni ya zake.

Milango ya Mkurugenzi ilikuwa imerundikana pembe moja, inasukumana.

"Lo! Hapo pana mkutano," dereva wake akasema kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

"Mashine mbovu hiyo!" Mkurugenzi alifoka.

"Ndiyo iliyonipima mimi, mzee."

"Basi watu wote wako hivi!"

"Ndicho nilichokwambia siku ile."

"Leteni Picha Rejea!"

Niliikimbilia mwenyewe. Mama Hadubini akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma kwa sauti: "Kielelezo cha kumi na mbili. Mchoro wa wanafunzi, umerahisishwa." Akaturudishia. "Haijawahi kuwa seli ya mtu hii, kaka. Kuna mtu aliichora kwa rula."

Mkurugenzi akanishika mkono, jasho linamtiririka. "Malizia kazi. Jaza jina lake tuondoke."

Nilikuna kichwa. Barua ilikuwa moja. Wenye msongamano walikuwa wawili. Na utaratibu wetu, ambao sijawahi kuuvunja hata mbele ya machozi ya mhasibu, unajulikana.

Nikaandika jina la Mkurugenzi, kwa mwandiko mzuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Kuhusu kiti chake, waraka uko wazi: ni mmoja tu hapa aliyethibitika kutimiza masharti. Kwa hiyo Picha Rejea ndiyo Kaimu Mkurugenzi, na imekaa kitini kwa fremu yake. Haijasaini barua yoyote ya kumfukuza mtu. Wiki ya sita Mama Hadubini aliiwekea mezani ripoti ya wavu wa wale watoto, Kaimu hakupinga, na ripoti ikapelekwa wodi namba nne siku ileile.

Jana Mama Hadubini kanigongea mlango, pamba mkononi. Anasema ukaguzi umebakiza mtu mmoja, na atakuja kunipangusa leo.

Nimeketi wima tangu asubuhi.